Somo: Saa Zetu Ndani ya Kompyuta



Leo tutazame jinsi kompyuta inavyozishika saa zetu za kazi, maana huko ndiko haki inakoweza kupotea bila kelele.

Kompyuta huweka kila kitu katika aina yake. Tukumbuke aina tatu: namba kamili, kama 8; namba yenye desimali, kama 7.75, na maandishi, kama "8" iliyofungwa kwa alama za usemi. Kwa jicho letu 8 na "8" ni kitu kimoja. Kwa kompyuta sivyo. Katika lugha ya Python, 8 + 8 ni 16, lakini "8" + "8" ni "88", kwani maandishi huunganishwa, hayajumlishwi.

Kwa hiyo mtengenezaji wa programu hana budi kubadili aina. Amri ya int hutoa namba kamili, float hutoa namba yenye desimali, na str hutoa maandishi. Hivyo int("8") ni 8, na float("7.75") ni 7.75. Lakini int("7.75") hukataliwa na programu husimama. Kosa hilo si baya sana, maana linaonekana.

Baya ni lile linalonyamaza. int(7.75) haikataliwi, jibu lake ni 7. Amri hii haikadirii, hukata. Hata 7.99 hubaki 7.

Sisi tuliliona jambo hili kazini. Mwenzetu alifanya saa za ziada 7.75 kila wiki, hati ya mshahara ikaandika 7. Karani hakuiba, programu ndiyo iliyokata. Dakika 45 kwa wiki, mara wiki 52, ni saa 39: karibu wiki nzima ya kazi bila malipo! Tulipeleka daftari letu la zamu, tukapiga hesabu mbele ya mwajiri, ndipo programu ikarekebishwa.

Dawa ni nyepesi: saa zihifadhiwe kwa dakika. Saa 7.75 ni dakika 465, namba kamili isiyo na cha kukatwa.

Maswali ya kujadili tawini:

1. int(6.5) ni ngapi?
2. Kwa nini "40" + "5" ni "405"?
3. Je, hati yako inalingana na daftari lako la zamu?

Ndugu, asiyeandika saa zake hana cha kudai. Tuandike!