Somo la Mlinzi wa Maradhi

Fahamu, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa maradhi mapya huwekewa mlinzi: zahanati iliyochaguliwa, ihesabuyo wenye homa na kupeleka damu yao kupimwa. Lakini mlinzi hamwoni mgonjwa aliyefichwa nyumbani. Huko Bukoba, ng'ambo ya ziwa kwa watu wa Mwanza, viliripotiwa vifo visivyojulikana sababu. Damu ikapimwa, na tarehe 21 Machi 2023 ikatangazwa kuwa ni Marburg. Walikufa 6, tarehe 2 Juni yakatangazwa kwisha.

Wako wafichao kwa kuchelea maiti kuzikwa bila ya kuoshwa. Na wajue: kuosha kukiwa na madhara, wanazuoni wa Kishafii wameweka tayamamu mahali pake, nayo hufanywa kwa mkono wenye kinga. Sayyidna Umar hakuingia Sham penye tauni, wala hakuikana kadari.

Wallahu aalam.