Mdogo Wangu, Chungulia Chini ya Gari

Mdogo wangu, sogea hapa tuongee. Najua unavyoliwasha gari alfajiri huku umeinamisha kichwa, maana likiunguruma tu mtaa mzima umeamka, na mama wa nyumba ya pili anafungua dirisha akutazame. Najua kazini unaegesha kule mwisho kabisa, wenzako wasisikie. Redio nayo umeipandisha sauti usilisikie mwenyewe. Ekzosi imetoboka, mshahara bado, fundi unamkwepa kama mdai. Wala sikulaumu, wengi tumepita njia hiyo hiyo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa ekzosi, dada yako nakuapia, msemo huo hauna chumvi hata punje.

Ngoja nikusimulie. Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, la mtumba, lililotembea mno kabla halijanifikia. Lilipoanza kunguruma nilikaa nalo wiki tatu, kila siku nasema kesho. Jumapili moja tukawa tunarudi kutoka Bagamoyo jioni, mvua inamwagika, vioo tumefunga vyote, mwanangu amelala kiti cha nyuma. Kabla hatujafika Tegeta akaamka analia kichwa kinamuuma, mara akatapika. Hata mimi paji la uso lilikuwa zito tangu njiani, nikasingizia uchovu. Nikaegesha, tukakaa barazani kwa mwenye duka tunapigwa na upepo, na baada ya muda mtoto akachangamka kama si yeye. Kesho yake fundi akalinyanyua gari. Tundu lilikuwa juu ya bomba, upande unaotazama sakafu, upana wake kama sarafu ya shilingi mia mbili. Bati la sakafu lilikuwa jeusi kwa masizi, na pale pale palikuwa na kishimo ambacho kizibo chake cha mpira kilishaanguka zamani. Juu ya kishimo hicho ndipo mtoto wangu alipolaza kichwa.

Siku ile ndiyo nilielewa. Moshi wa gari umebeba gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu inayokukera ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi. Yenyewe inaingia kimya. Ikifika kwenye damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hiyo mtu anavuta pumzi vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Dalili zake utazidhania njaa au kazi nyingi: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usioeleweka. Na anayesinzia kwa gesi hiyo anaweza asiamke. Basi hata kabla hatujagusa habari za pesa, nisikilize: maadamu tundu halijazibwa, vioo vishushwe, mvua inyeshe isinyeshe. Usilingojee gari lipate moto ndani ya banda lililofungwa. Usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu umebeba kabati, maana gari likitembea hivyo linauvuta moshi kuuingiza ndani. Mjamzito asipande, na mtoto asipande.

Haya, sasa tuje kwenye mfuko wako. Ekzosi iliyoharibika mara nyingi inatengenezeka kwa pesa ndogo, mradi wewe ujue tundu liko wapi kabla hujakaa mbele ya fundi. Hapo ndipo wadogo zangu mnapoumizwa. Mnafika gereji na uso wa mtu aliyefiwa, mnasema "linapiga kelele, sijui lina nini," na mkononi mmeshika pochi. Mimi niliwahi kuambiwa ekzosi nzima imekufa kuanzia mbele mpaka nyuma. Nikalipa, nikabadilishiwa yote. Miezi kadhaa baadaye fundi mwingine akanieleza kwamba sauti niliyomsimulia, tik tik tik gari likiwa la baridi na kupungua likipata moto, kwa kawaida ni ya gasketi iliyoungua pale manifodi inapokutana na injini, au ufa wa manifodi yenyewe. Sikuwa nimechungulia, sikuomba kuonyeshwa, na bomba nililoambiwa limekufa sikulidai. Iliniuma sana, maana pesa ile ilikuwa ada ya shule.

Kwa hiyo chungulia. Fanya asubuhi, gari likiwa la baridi, kwa sababu bomba lililotoka safarini linaunguza mpaka nyama. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata ukiambiwa ni dakika moja. Lala pembeni tu, mulika kwa tochi ya simu. Tafuta masizi meusi yaliyochora mstari, ndipo moshi unapotokea. Kisha mtu aliwashe, mwingine akandamize kitambaa kinene kilicholowa maji kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde mbili tatu na kukitoa. Utasikia fsss pale penye tundu. Penye maungio paka maji ya sabuni, povu litakuonyesha.

Sikia na sauti. Ngurumo ya nyuma aghalabu ni sailensa. Kishindo cha chuma kila ukipita tuta ni mipira inayoshikilia bomba, imekatika. Kama kuna kitu kinachakacha ndani mithili ya kokoto kwenye kopo, basi vya ndani ya sailensa vimevunjika, au masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba. Halafu ukiona kitundu kidogo sana, cha duara safi, chini ya sailensa kwenye sehemu iliyoshuka, usimlipe mtu akizibe. Sailensa nyingi zinatoka nacho kiwandani, cha kutolea maji.

Ndiyo, maji. Hili watu hawaliamini: lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Yanatoka kama mvuke, na bomba likiwa bado la baridi mvuke huo unageuka maji humo humo. Wewe unayetoka Sinza kwenda Mwenge na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha kuyakausha, basi linaoza kutoka ndani huku kwa nje linaonekana zima. Ongeza chumvi ya hewa ya pwani na maji ya barabarani masika, usishangae. Siku ya mapumziko litembeze kidogo mbali, lipate moto sawasawa.

Turudi kwenye matengenezo. Mipira ndiyo unayoidharau kuliko vyote, na bei ya mmoja haifiki kuku wa kienyeji. Ukikatika, bomba linaning'inia, linatikisika, mwisho linapasuka kwenye maungio, na hapo unalipia kuchomelea kitu ambacho kingeokolewa na kipande cha mpira. Usikubali kufungiwa waya badala yake ukauacha miezi. Waya haunesi, unahamisha mtikisiko wote kwenye bomba na kwenye bodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, unaujua huo.

Kama umekwama njiani au mshahara bado wiki mbili, kuna kiraka cha muda. Chukua kopo la bati, la nyanya au la maziwa ya unga, likate litandike, sugua bomba kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, zungushia lile bati na ulibane kwa klampu mbili za chuma, moja kila upande wa tundu. Kopo la soda usitumie: ni alumini, jembamba, halivumilii moto na mtikisiko wa huko. Dukani pia wanauza dawa ya kuzibia ekzosi, ya kopo au ya bandeji. Inashika vizuri ukisafisha kutu kwanza na ukafuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye pakiti. Gundi za kawaida zitaungua na kukuongezea moshi. Na sehemu ya mbele karibu na injini, penye moto mkali, hayo yote hayakai. Ni ya kukufikisha kwa fundi, mdogo wangu, usije ukayafanya ndoa.

Kwa fundi wa kuchomelea, omba bisbisi na ubonyeze pembeni ya tundu. Chuma kikiwa kigumu, kiraka kitakaa miaka. Kikibonyea kama biskuti iliyolowa, kamba hukatikia pembamba, kiraka kitabomoka na tundu jipya litatoka kando yake. Hapo mwambie akate kipande kibovu tu aunge bomba jipya la upana ule ule. Huhitaji ekzosi nzima kwa sababu ya sentimita 30 zilizooza. Sailensa ikiwa imekwisha, Gerezani na Ilala utapata ya mtumba iliyotoka na gari. Igonge kwa kidole kilichokunjwa, itikise usikie kama inachakacha, angalia mishono yake kabla hujatoa shilingi. Na wakati anachomelea, simama hapo. Waya wa hasi wa betri uchomolewe kwanza, umeme wa mashine usije ukaua kompyuta ya gari. Ethi ya mashine ibanwe karibu na anapochomea. Tangi la mafuta na mabomba yake yalindwe, kizima moto kiwe karibu. Fundi anayekasirika kwa hayo, mwage, kuna wengine.

Sasa kaa sawa, hapa nakusemea kwa ukali. Atatokea mtu akuambie: "Dada, hayo masega ndiyo yanayoziba, tukuondolee, litakuwa jepesi, halafu na hela tunakupa." Utaona neema imeshuka. Ndani ya masega mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani kubwa. Ndiyo maana anakuhurumia ghafla. Ukiyatoa, taa ya cheki injini inaweza kuwaka na isizimike, na moshi wa sumu ambao masega yalikuwa yakiusafisha unatoka mbichi, unawapuliza wanafunzi wanaosubiri daladala. Siku ukihitaji mengine utajua bei yake, utalia. Masega yakiziba kweli, gari linakosa nguvu hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hapo kuna kipimo, na kuna kutafuta kwanza kilichoyaharibu, maana mara nyingi ni plagi mbovu au injini inayokula oili. Lakini kuuza ili upate pesa ya kiraka, hapana. Sikubali, na siku ukinificha nitakasirika.

Usidhani pia kwamba kungoja ni bure. Tundu likiwa mbele ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inapenya, sensa inadhani injini imekosa mafuta, kompyuta inaongeza. Bandu bandu huisha gogo: pesa unayoogopa kumpa fundi unaipeleka sheli kila wiki na hujui.

Naelewa aibu. Naelewa hasa wewe binti unayeingia gereji peke yako na wanaume kumi wanakutazama unavyoshika ufunguo. Nenda na mtu ukiweza. Usipoweza, nenda na neno moja tu, "nionyeshe," na ulirudie mpaka akuonyeshe. Fundi mwema hachukii kuulizwa. Yule wa kwangu wa sasa hunipa kipande kibovu mkononi, bado kina masizi, kabla sijamlipa.

Basi kesho alfajiri, gari likiwa bado la baridi, toka na tochi yako, lala upande wa abiria, mulika. Ukiona weusi, mtoto aende shule kwa daladala mpaka patakapozibwa.