Kioo cha LCD Kinaandika Vioja

Swali: Mtaalamu, kioo changu cha LCD cha siriali nimekiunga na Arduino Uno, lakini kinatoa alama zisizosomeka. Kimekufa?

Jibu: Hapana ndugu, kioo kinachochora alama kiko hai. Anza na kasi ya mawasiliano: vioo vingi vya namna hii huja vikiwa 9600, na programu ikituma kwa 115200, biti husomwa ovyo. Kisha hakikisha waya wa GND umeunga pande zote mbili. Huo husahaulika mno.

Kama data inapita pini 1, ng'oa waya wake kila unapopakia programu. Uno hutumia pini hiyohiyo kuijibu kompyuta, na baadhi ya vioo huweza kuyachukua majibu hayo kama amri ya kubadili kasi. Mimi ningeihamishia pini nyingine kwa maktaba ya SoftwareSerial.