Shingo Iliyoumia: Vipandikizi vya Kuchapishwa na Unachopaswa Kufanya Kwanza

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Mbili za juu hubeba kichwa na kukiwezesha kugeuka. Katikati ya pingili hupita kamba kuu ya neva inayounganisha ubongo na mikono, miguu na misuli ya kupumua. Kamba hiyo ikikatika, mtu anaweza kupooza au kufa.

Saratani au jeraha likiharibu pingili, daktari anaweza kuiondoa na kuweka kipandikizi. Wagonjwa wengi hutoshwa na vile vya kiwandani vyenye vipimo vya kawaida. Kwa wachache, hasa wenye uvimbe kwenye pingili za juu, hakuna kinacholingana, hivyo hutengenezewa chao.

Hutengenezwaje?

Mgonjwa hupigwa picha za CT. Kompyuta huzigeuza kuwa mfano wa mfupa, kisha daktari na wahandisi huchora kipandikizi chake. Mashine huyeyusha unga wa titani tabaka baada ya tabaka. Vitundu vidogo huachwa ili mfupa uote ndani na kukishika.

Mwaka 2014, madaktari wa Beijing, China, walimwekea mvulana wa miaka 12 mwenye uvimbe pingili ya pili iliyochapishwa hivyo. Mwishoni mwa 2015, Dkt. Ralph Mobbs wa Sydney, Australia, alifanya upasuaji wa takriban saa 15 kwenye pingili mbili za juu.

Kwa mkaazi wa Kakamega

Kipandikizi, hata kiwe bora namna gani, hurekebisha mfupa. Hakiungi neva iliyokatika. Ndiyo maana dakika za kwanza baada ya ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka mtini ni muhimu mno:

• Usimwinue wala kumketisha majeruhi. Mwambie asigeuze kichwa.
• Usimvue helmeti kwa nguvu iwapo anapumua vizuri.
• Usimbebe kwa bodaboda. Iteni ambulensi.
• Ikibidi kumwondoa penye hatari, mgeuzeni kwa pamoja, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, kisha mlazeni juu ya ubao.

Maumivu ya shingo yasiyoisha, ganzi mikononi, miguu kulegea au kushindwa kudhibiti mkojo ni dalili za kukufikisha hospitalini mara moja.

Kumbuka: Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.