FARASI: MGENI ALIYETUKUZWA BARA HINDI

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika somo hili nataka tumtazame mgeni wa miguu minne, yaani farasi, katika historia na sanaa ya India. Swali langu ni moja: kwa nini mnyama ambaye hakustawi vizuri sehemu nyingi za nchi hiyo alichongwa kila mahali, hata kwenye nembo ya taifa?

Kwanza kabisa ni uhaba wake. Kusini mwa India kuna joto na unyevu mwingi, na malisho ya huko hayamfai farasi. Kwa hivyo walinunuliwa kutoka Uarabuni na Uajemi, wakavushwa bahari kwa majahazi. Marco Polo, msafiri Mwitalia wa karne ya 13, aliandika kwamba wafalme wa kusini walinunua maelfu kila mwaka, na wengi walikufa upesi kwa kukosa matunzo. Basi wafanyabiashara wakaleta wengine! Hapo nani alifaidi? Wareno walipoiteka Goa mwaka 1510, nao wakaingilia biashara hiyo, wakawauzia wafalme wa Vijayanagara. Asiye na farasi hakuwa na jeshi la maana.

Pili, farasi alikuwa ushahidi wa ukubwa wa mfalme. Hapo kale mfalme alimwachilia farasi atembee apendako kwa mwaka mzima, askari wakimfuata nyuma. Mtawala aliyemzuia ilibidi apigane. Aliyemwacha apite alikubali kuwa chini yake. Mwishowe farasi alirudishwa akatolewa kafara. Samudragupta, mfalme wa karne ya 4, alitoa sarafu za dhahabu zenye picha ya farasi huyo.

Tatu, tuje kwenye sanaa. Hekalu la Jua huko Konark, lililojengwa karne ya 13, lina umbo la gari la mungu wa jua: magurudumu 24 ya mawe na farasi 7 wa kulivuta. Huko Sarnath, nguzo ya mfalme Ashoka ya karne ya 3 kabla ya Kristo ina simba juu, na chini yao wamechongwa farasi, fahali, ndovu na simba. Nguzo hiyo ndiyo iliyofanywa nembo ya India tarehe 26 Januari 1950, na farasi yumo.

Lakini kilichonigusa zaidi si dhahabu wala mawe. Katika vijiji vya Tamil Nadu, wafinyanzi hutengeneza farasi wakubwa wa udongo, wengine warefu kuliko mtu, wakawekwa nje ya kijiji. Wanakijiji huamini kwamba mungu wao Ayyanar huwapanda usiku akiwalinda. Mnaona? Mkulima hakuwa na pesa za kumnunua farasi wa Uarabuni, lakini udongo alikuwa nao.

Kwa maoni yangu, sanaa haionyeshi tu kile watu walicho nacho. Huonyesha pia kile walichokitamani. Farasi wa wafalme walikufa na falme zenyewe zikaanguka, ila mfinyanzi angali anafinyanga.

Swali la mjadala chamani: je, ni kitu gani cha kigeni ambacho sisi tumekifanya alama ya ukubwa, na nani anafaidika tunapokinunua?