Somo Letu: Kamera ya Geti Inaona Nini?



Siku hizi hapa Kampala ni vigumu kutoka Nakawa mpaka Owino bila kupita chini ya kamera. Baada ya ofisa mkubwa wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa mwezi wa Machi 2017, serikali iliamua kuweka kamera barabarani. Zilitoka kampuni ya Huawei, na kituo chake kikuu kilifunguliwa Naguru mwezi wa Novemba 2019. Wenye magodauni, maduka na mahoteli nao wamefunga za kwao. Chama hakina ugomvi na kamera. Ugomvi wetu ni pale picha inapowekwa mezani na mfanyakazi akaambiwa, "Huyu ni wewe, chukua barua yako." Mwakilishi asiyejua kamera inavyoona atanyamaza, na mwenzake atakwenda nyumbani bila kazi.

Basi tuanze. Chukua karatasi mbili, uzikunje ziwe mabomba mawili yenye unene mmoja, moja fupi na jingine refu. Tazama uani kwa bomba fupi: utaona geti, lori na ukuta wote. Tazama kwa lile refu: utaona mlango wa lori peke yake. Lenzi ya kamera hufanya vivyo hivyo. Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kihisi, yaani kibao kidogo kinachopokea picha. Urefu wa fokasi ni ule umbali, kwa milimita, ambao lenzi huhitaji ili kitu cha mbali kionekane wazi juu ya kihisi. Mara nyingi umeandikwa kwenye kamera yenyewe au kwenye boksi lake: 2.8, 4, 6 au 12. Namba ikiwa ndogo kamera huona eneo pana. Ikiwa kubwa, huona eneo jembamba, lakini kila kitu kinakuwa kikubwa.

Hesabu yake haimshindi mtu aliyemaliza shule ya msingi. Chukua upana wa kihisi, zidisha kwa umbali wa mtu kutoka kwenye kamera, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Kihisi ambacho mafundi hukiita cha theluthi ya inchi kina upana wa milimita 4.8. Mtu akisimama mita 10 kutoka kwenye kamera, lenzi ya 2.8 inaonyesha upana wa mita 17 hivi. Ile ya 4 inaonyesha mita 12, ya 6 mita 8, na ya 12 mita 4 tu. (Lenzi pana sana hupinda picha pembeni, kwa hiyo huko hesabu si kamili, lakini kwa kazi yetu inatosha.)

Sasa hapa ndipo penye kesi. Picha imeshonwa kwa vidoa vidogo vinavyoitwa pikseli. Kamera nyingi za kawaida zina pikseli 1,920 kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, na hizo haziongezeki. Ukizitandaza kwenye mita 17, kila mita inapata 112. Ukizitandaza kwenye mita 4, kila mita inapata 480. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2015, ilisema hivi: pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu, 125 zinatosha kumtambua mtu unayemfahamu tayari, na 250 ndizo zinazohitajika ili kumtambua mtu yeyote bila shaka. Kwa hiyo lenzi ya 2.8 inakupa sura ya uhakika mpaka mita 4 na nusu hivi. Kupita hapo inakupa kofia na ovaroli.

Na kofia na ovaroli ndivyo vilivyoletwa katika godauni moja la Industrial Area. Katoni zilipotea, na kuli mmoja akaonyeshwa picha ya mtu aliyebeba katoni karibu na stoo. Tulipima kwa utepe kutoka kamera ya geti mpaka mlango wa stoo: mita 20. Lenzi ilikuwa ya 2.8. Upana wa picha hapo ni mita 34, pikseli 56 kwa kila mita. Ovaroli ile huvaliwa na makuli wote wa pale. Meneja alisema picha itakuzwa kwenye kompyuta. Kukuza hakuleti pikseli mpya; vidoa vilevile vinakuwa vinene. Barua ilirudishwa, wakaenda kutazama daftari la stoo, jambo ambalo wangelifanya siku ya kwanza.

Lenzi ndefu nayo ina upofu wake. Ile ya 12 kwa mita 20 inaonyesha mita 8 na sura karibu kamili, lakini aliyepita mita 5 kando ya mtu aliye katikati hayumo kabisa. Mwajiri anayetaka kamera moja ya bei nafuu ilinde ua mzima na itambue sura pia anataka visivyokaa pamoja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa kwa kosa la utovu wa nidhamu, na kwenda na mtu amchaguaye. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamruhusu kuomba habari zake zinazoshikwa na mwingine. Mwakilishi akiitwa, aende na utepe wa kupimia. Aombe picha ya asili kutoka kwenye mashine, si ile iliyopigwa tena kwa simu. Aulize urefu wa fokasi, ukubwa wa kihisi na idadi ya pikseli, kisha apige hesabu mbele ya wote. Wakisema kamera yao ina pikseli 2,560 kwa upana, agawanye hizo: katika godauni lile zingekuwa 75 kwa mita, bado chini ya 125.