SOMO LA UFUNDI: Kukinga Paipu za Oili na Joto la Eksozi



Katika wilaya yetu ya Kasese, magari mengi yanayobeba kahawa, pamba na wafanyakazi wenyewe hayako tena kama yalivyotoka kiwandani. Lori kuukuu limetiwa injini ya gari jingine. Pikapu imeongezewa turbo. Filta ya oili imehamishwa kwa kuwa haikuenea mahali pake. Mafundi wa Bwera na Mpondwe wanaiweza kazi hiyo. Lakini aliyeunda gari alipanga eksozi ipite wapi na oili ipite wapi. Tukiubadili mpango wake, wajibu wa kuvitenga viwili hivyo unakuwa wetu.

HATARI IKO WAPI?

Injini ya dizeli ikivuta mzigo mlimani, manifodi ya eksozi yaweza kupita digrii 500 za Sentigredi. Oili ikirukia chuma chenye joto hilo yaweza kuwaka bila cheche yoyote. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usalama wa meli zaagiza kwamba sehemu za mashine zinazopita digrii 220, ambazo mafuta yaweza kuzirukia bomba likipasuka, zikingwe. Ikiwa baharia analindwa hivyo, mchuma kahawa aliyeketi nyuma ya lori naye anastahili kulindwa.

Hata moto usipowaka, hasara ipo. Paipu ya kupeleka oili kwenye turbo husukumwa na pampu. Ikitoboka, oili yaweza kwisha kwa dakika chache, na beringi za injini zikaungua.

Tukumbuke pia kwamba paipu nyingi za mpira wa kawaida huvumilia kiasi cha digrii 100 hadi 120 tu, na oili iliyo ndani, kazi ikiwa nzito, yaweza kufika 100. Mpira unakaribia mwisho wa nguvu zake kabla eksozi haijaongeza lolote.

Wala hatari haiko katika mwendo peke yake. Gari likienda, upepo hulipoza. Likisimama kwenye foleni ya mpakani Mpondwe, likingoja kuvuka kwenda Kasindi, upepo hakuna, na joto hujaa chini ya boneti.

HATUA ZA KAZI

1. Umbali kwanza. Paipu ipitishwe upande usio na eksozi. Isipowezekana, tuache sentimita 10 au zaidi kati yao. Viungo vya paipu visikae juu ya eksozi, kwa maana uvujaji huanzia hapo mara nyingi.

2. Paipu ifungwe imara. Injini hutikisika tofauti na chasi, kwa hiyo kati yao iwepo sehemu inayopindika. Tutumie klipu zenye mpira ndani, ili paipu isisuguliwe na chuma wala isilegee ikaangukia eksozi.

3. Ngao ya bati. Penye nafasi finyu, tuweke bati kati ya eksozi na paipu, lisiguse upande wowote. Juu na chini pawe wazi ili hewa ipite. Bati safi linalong'aa hurudisha joto. Lililopakwa rangi nyeusi hulimeza.

4. Ala ya nyuzi za kioo. Hii huvikwa paipu baada ya hatua tatu za kwanza, si badala yake. Tusitumie kabisa vitambaa vya asbesto: vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

5. Kufunika si kutengeneza. Ala ikivishwa juu ya paipu inayovuja hunywa oili na kuwa kama utambi wa taa. Ala iliyolowa itolewe siku hiyo hiyo, na paipu ibadilishwe.

6. Ukaguzi. Kila juma, injini ikiwa baridi, tuupinde mpira kidogo. Ukiwa mgumu, umepasuka au umevimba, muda wake umekwisha. Na dereva anayetoka mlimani na mzigo aiache injini ya turbo izunguke polepole dakika mbili au tatu kabla ya kuizima.

WAJIBU NI WA NANI?

Bati na klipu ni vitu vya bei ndogo, wala si vya kununuliwa kwa mshahara wa dereva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 ya Uganda inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na hatari za kazi. Kwa upande wetu, tunapoona oili chini ya gari, tutoe taarifa kwa maandishi, na nakala moja ibaki tawini. Neno la mdomo husahaulika. Karatasi haikanushwi upesi.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika magari yanayotubeba, ni yapi yamebadilishwa injini au eksozi?
2. Ni nani hukagua paipu zake, na huandika wapi?
3. Kizima moto kiko karibu na dereva, au kimefungiwa stoo?